Vitabu vya Mkono Nje ya Ulaya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila anapojitokeza mtu mpya anayetaka kujua habari za vitabu vilivyoandikwa kwa mkono Afrika, Asia na Amerika ya kale. Yanaanza na ya msingi na kuishia na yale ambayo hata wataalamu hubishania. Jambo likiwa limeshaelezwa mahali pengine, utaelekezwa huko.

## Misingi

Hii ni taaluma ya nini hasa?

Ni taaluma inayokichukulia kitabu kama kitu chenye mwili, si maneno peke yake. Msomaji wa kawaida akifungua kitabu cha miaka 300 huuliza kinasema nini. Mtaalamu wa miswada atauliza hilo pia, lakini kwanza atataka kujua kimeandikiwa juu ya nini, kwa wino gani, kimeshonwaje, nani alikigharamia, na kwa nini ukurasa wa 10 umechakaa kwa vidole ilhali wa 20 uko kama ulivyotoka kwa mwandishi. Uchunguzi wa mwili wa kitabu huitwa kodikolojia, wa mwandiko paleografia, na wa matini pamoja na tofauti zake filolojia. Kwa vitendo mtu mmoja hulazimika kuzifanya zote tatu.

Upande wa kulinganisha unaeleweka haraka kwa mfano. Chukua swali dogo: mnakili alihakikishaje kwamba kurasa zake hazichanganyiki? Katika vitabu vya Kiarabu, neno la kwanza la ukurasa unaofuata liliandikwa chini ya ukurasa uliotangulia, ili jicho liunganishe. Ethiopia, mafungu ya kurasa yalitiwa namba. India, kila jani lilipewa namba yake, maana majani yalikuwa huru. Uchina ya kale, karatasi ziligundishwa zikawa msokoto mmoja mrefu, na swali lenyewe likafa. Tatizo ni moja, majibu ni manne, na kila jibu linakueleza namna watu wale walivyokielewa kitabu.

Niseme mswada, hati, nakala au chuo?

Yote yanatumika, ila hayalingani. *Mswada* limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kilichotiwa weusi, yaani rasimu iliyojaa makosa na mafuto, kinyume cha nakala safi iliyotiwa weupe. Ndiyo maana leo tuna mswada wa sheria na mswada wa riwaya: vyote bado havijakamilika. Kumbe vitabu vingi tunavyoviita miswada vilikuwa nakala safi kabisa. *Hati* ni pana mno, hubeba mwandiko na hubeba cheti cha kiwanja. *Nakala* inafaa pale unapotaka kusisitiza kwamba kitabu kilitokana na kingine.

Kisha kuna *chuo*. Kabla hakijawa jengo lenye wakufunzi, chuo kilikuwa kitabu, na ndivyo kilivyo katika jina la utenzi wa kale, Chuo cha Herekali. Kwa hiyo anayekwenda chuoni, kwa asili ya neno, anakwenda palipo na kitabu. Hapa nitatumia mswada kwa sababu limezoeleka, ingawa moyoni napenda chuo.

Kwa nini mpaka uwekwe "nje ya Ulaya"? Si kundi la kubuni?

Ni la kubuni, na hakuna anayelitetea kwa dhati. Kitabu cha Kichina cha mianzi na Injili ya ngozi ya Kigiizi (lugha ya kale ya Ethiopia) havina undugu wowote, isipokuwa kwamba wote wawili waliachwa nje wakati kanuni za taaluma zilipokuwa zikiandikwa. Kanuni hizo zilitungwa kwa kuchunguza Kigiriki na Kilatini, kisha zikabebwa kwingine kama vile ndizo za ulimwengu mzima. Matokeo yake, kitabu kisichoshonwa kikaitwa "kilicholegea", na jani la mvumo likaelezwa kwa yale lisiyokuwa nayo.

Mpaka wenyewe pia unavuja. Waislamu wa Hispania waliandika Kihispania kwa herufi za Kiarabu. Wayahudi walinakili kwa Kiebrania kuanzia Yemen hadi Ujerumani. Armenia utaiweka wapi? Mtandao wa watafiti wa miswada ya mashariki uliofanya kazi kati ya 2009 na 2014, pamoja na kituo cha tamaduni za miswada cha Chuo Kikuu cha Hamburg, walisaidia kugeuza swali. Badala ya kuuliza "hiki kinatofautianaje na cha Ulaya", wakauliza "kila mahali watu walilitatuaje jambo hili", Ulaya ikiwa mmojawapo tu.

Kuna miswada mingapi duniani?

Usiamini namba yoyote kabla hujauliza kilichohesabiwa. Ghala la sinagogi la Ben Ezra huko Cairo lilitoa mamia ya maelfu ya vipande, na takriban 200,000 kati yake viko Cambridge tangu Solomon Schechter alipovipeleka mwishoni mwa karne ya 19. Lakini "kipande" kinaweza kuwa risiti ya ukubwa wa kiganja. Kwingine juzuu moja yenye matini kumi huhesabiwa kuwa mswada mmoja. Namba hizo mbili haziwezi kuwekwa kwenye jedwali moja.

## Vifaa na umbo

Watu waliandikia juu ya nini?

Walitumia kilichokuwa karibu na kilichovumilia hali ya hewa. Mafunjo Misri. Mianzi na hariri Uchina kabla karatasi haijashika. Ngozi ya mbuzi Ethiopia hadi leo. Majani ya mvumo na ya mti uitwao talipoti kuanzia India Kusini na Sri Lanka hadi Bali. Magome ya bhurja, mti wa milima ya Himalaya, huko Kashmir na Gandhara. Wabatak wa Sumatra walikunja gome kama kinanda cha mkono. Wamaya wa Amerika ya Kati nao walikunja vivyo hivyo, gome lao likiwa limepakwa chokaa laini. Watu wa Antaimoro wa Madagaska walitengeneza karatasi ya gome la avoha kwa ajili ya vitabu vyao vya Sorabe, Kimalagasi kwa herufi za Kiarabu.

Karatasi ndiyo yenye safari ndefu kuliko vyote. Sehemu kubwa ya karatasi iliyotumika Afrika Magharibi na katika himaya ya Waosmani, hasa kuanzia karne ya 18, ilitoka Italia ikiwa na alama ya maji ya hilali tatu, alama unayoiona ukiinua karatasi kwenye mwanga. Kitabu cha Timbuktu, kwa hiyo, kinaweza kuwa cha Mali kwa lugha na mwandiko, cha mbuzi wa jirani kwa jalada, na cha Kiitaliano kwa karatasi.

Ni kweli kwamba herufi za duara za Asia ya Kusini zilitokana na majani?

Maelezo haya yanapendwa sana: huko Kusini waliandika kwa kuchora na kalamu ya chuma, mstari ulionyooka ungelipasua jani kufuata nyuzi zake, basi herufi zikapinda. Ukitazama Kisinhala, Kiodia au Kiburma utaona mantiki yake.

Shida ni Kitamil. Kilichorwa juu ya majani yaleyale, kwa chuma kilekile, na kina mistari kibao iliyonyooka. Jani huenda lilisukuma, lakini halikuamuru. Linaloaminika zaidi ni tofauti ya mbinu: kaskazini mwa India jani liliandikwa kwa wino na kalamu, kusini likachorwa kwanza ndipo likapakwa masizi yaliyochanganywa na mafuta, kisha likafutwa ili weusi ubaki ndani ya mchoro tu. Anayechora husoma kwa kidole kabla hajasoma kwa jicho. Hiyo pekee inatosha kubadili mwendo wa mkono.

Kwa nini vitabu vingine havijashonwa?

Kwa sababu havikutaka kushonwa. Vitabu vingi vya Afrika Magharibi ni karatasi huru zilizowekwa kati ya mbao au makasha ya karatasi nzito, ndani ya mfuko wa ngozi wenye kamba. Mwalimu angeweza kuwagawia wanafunzi karatasi chache kila mmoja, wote wakasoma au kunakili kitabu kimoja kwa wakati mmoja. Jaribu kufanya hivyo na kitabu kilichoshonwa.

Ubaya wake ni kwamba karatasi moja ikianguka, imekwenda. Hapo ndipo lile neno la kuunganisha kurasa (tazama swali la kwanza) linapogeuka kutoka pambo hadi uokozi.

Wino una umuhimu gani?

Kuna familia mbili kubwa. Wino wa masizi hukaa juu ya karatasi, hauchakazi, na huoshwa kwa maji. Wino wa chuma na tanini huingia ndani, haufutiki kirahisi, lakini baada ya karne kadhaa unaweza kuila karatasi hadi herufi zikadondoka na kuacha matundu yenye umbo lao. Ethiopia hutumia masizi kwa weusi, na wekundu kwa majina matakatifu. Msomaji asiyejua Kigiizi anaweza kuhesabu majina hayo kwa macho.

## Wanakili na nakala zao

Nani walinakili?

Watumwa na masultani, watawa, makarani wa kukodiwa, wanafunzi maskini waliohitaji kitabu na hawakuwa na pesa ya kukinunua. Kundi hili la mwisho ndilo lililotuachia sehemu kubwa ya tulichonacho, na ndilo lenye mwandiko mbaya zaidi. Wanawake walikuwemo pia, kama watunzi na kama wanakili. Nana Asma'u wa Sokoto, aliyefariki 1864, aliandika kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa, lugha hizo mbili za mwisho kwa herufi za Kiarabu.

Lamu ilikuwa na Muhamadi Kijuma, aliyeishi hadi 1945: mshairi, mchongaji, mwanamuziki na mwandishi wa hati nzuri. Alinakili tenzi kwa watu wa nyumbani na kwa wataalamu wa Kizungu kama Alice Werner na William Hichens. Hapa pana mtego ambao watu wengi hawauoni. Nakala aliyomwandikia mgeni anayelipa si lazima ifanane na ile ambayo angemwandikia jirani yake: imenyooka zaidi, irabu zimewekwa zote. Sehemu ya picha tuliyonayo kuhusu mswada wa Kiswahili imechorwa na agizo la mnunuzi.

Kolofoni ni nini, na kwa nini mnaipenda sana?

Ni maneno ya mwisho ya mnakili baada ya matini kwisha: jina lake, tarehe, mahali, mwenye kitabu, dua, na pengine malalamiko ya mgongo. Katika vitabu vya Kiarabu mara nyingi mistari yake hupungua upana hadi kuwa pembetatu inayoelekea chini. Sisi tunalijua neno lake la kwanza bila kujua. *Tamati*, tunaloandika mwishoni mwa shairi, ni lilelile la Kiarabu la "imekwisha".

Tunaipenda kwa sababu ni mahali adimu ambapo mnakili anasema kwa sauti yake. Lakini isome kwa tahadhari. Mnakili mwaminifu kupita kiasi hunakili kila kitu, pamoja na kolofoni ya kitabu anachonakili. Utakuta tarehe ya 1650 juu ya karatasi iliyotengenezwa 1820, na hakuna aliyedanganya.

"Ya kabikaj" iliyoandikwa ukurasa wa kwanza ina maana gani?

Ni kinga dhidi ya wadudu. Kabikaj ni jina la mmea mkali ulioaminika kufukuza mende na mchwa. Baadaye jina likachukuliwa kuwa la kiumbe mwenye mamlaka juu ya wadudu, akawa anaombwa akiepushe kitabu. Nakala nyingi zenye maneno hayo zimetobolewa na wadudu hadi kwenye maneno yenyewe.

Nakala mbili za kitabu kimoja hazifanani. Ipi sahihi?

Swali hili ndilo lenye kuzaa vita. Mbinu inayohusishwa na Karl Lachmann, wa karne ya 19, husema: tafuta makosa ambayo nakala zinashirikiana, chora ukoo wao, panda juu hadi kwa babu wa wote. Inafanya kazi vizuri iwapo kila mnakili alikuwa na kitabu kimoja mbele yake na alitaka tu kukirudia.

Mambo hayakuwa hivyo kila mahali. Huko Pune, India, Taasisi ya Bhandarkar ilianza 1919 kuandaa toleo la kitaaluma la Mahabharata, utenzi mrefu wa Kisanskriti, na kulikamilisha 1966. Wakiongozwa kwanza na V. S. Sukthankar, wahariri walikuta wanakili waliokuwa na nakala mbili au tatu mezani na kuchukua kilichowapendeza kutoka kila moja. Ukoo ukawa kichaka. Wakazipanga nakala kwa hati zilizoandikwa nazo, za kaskazini upande mmoja na za kusini upande wa pili, wakiamini kwamba mnakili alisoma zaidi hati ya kwao.

Kwa tenzi za Kiswahili hali ni ngumu kwa njia nyingine. Mnakili mara nyingi naye ni mshairi, ana utenzi kichwani kabla hajauona kwenye karatasi, na akikuta ubeti dhaifu anauimarisha. Je, hilo ni kosa? Kwangu si kosa. Ni utenzi unaendelea kuishi, na mhariri anayeng'oa kila badiliko ili kufikia "asili" anaweza kuishia na matini ambayo haikuwahi kuimbwa popote.

Tusisahau kwamba kulinganisha nakala hakukuanza Ulaya. Wanazuoni wa Kiarabu walisoma nakala mpya mbele ya mwalimu huku nakala mama ikifuatiliwa, na pambizoni wakaandika *balagha*, "amefikia hapa", kila kikao kilipokoma. Ukifuata alama hizo unaweza kuhesabu vikao.

## Umri wa kitabu

Mnajuaje kitabu kina miaka mingapi?

Kwa kurundika ushahidi dhaifu hadi uwe mzito. Kolofoni, kama ipo. Alama ya maji, ambayo hukupa mwaka ambao kitabu hakiwezi kuutangulia, lakini haikuambii karatasi ilikaa dukani muda gani. Mtindo wa mwandiko. Maandishi ya wamiliki na ya wakfu. Kalenda nazo zina vitimbi: ya Ethiopia iko nyuma ya Gregori kwa miaka 7 au 8, Hijria hufuata mwezi, na waandishi wa Kisanskriti walipenda kuficha tarakimu ndani ya maneno, "mwezi" kwa 1, "macho" kwa 2, "Veda" kwa 4, kisha zikasomwa kutoka kulia.

Kipimo cha kaboni hakimalizi ubishi?

Huwa kinaanzisha mwingine. Kaboni inapima wakati mnyama au mmea ulipokufa. Haijui lini mtu alichovya kalamu. Kurasa za Kurani zilizoko Birmingham zilipotangazwa 2015 kuwa za kati ya 568 na 645, kilichopimwa kilikuwa ngozi.

Mswada wa Bakhshali wa magome, uliochimbuliwa 1881 na kuhifadhiwa Oxford, una mojawapo ya alama za kale za sifuri. Mwaka 2017 majani matatu yalipimwa na kutoa karne tatu zilizoachana: moja ya kati ya 224 na 383, nyingine ya karne ya 7 hadi 8, ya tatu ya mwisho wa karne ya 9 na ya 10. Vichwa vya habari vilikimbilia tarehe ya kale zaidi. Wanahisabati na wanafilolojia waliokifahamu kitabu walipinga: mkono unaonekana mmoja na hesabu inaendelea kutoka jani hadi jani, itakuwaje mtu mmoja aandike kwa miaka 600?

Kuna pia mara ambapo kipimo kilitikisa mazoea kwa haki. Injili za Abba Garima, katika monasteri iliyo karibu na Adwa, Ethiopia, zilidhaniwa na wengi kuwa za baada ya mwaka 1000. Ngozi yake ilipopimwa ikarudi hadi kati ya karne ya 4 na ya 7.

## Kiswahili ndani ya picha hii

Maandishi ya Kiswahili ya kale kabisa ni yapi?

Barua za Kilwa za 1711, kwa herufi za Kiarabu, ambazo ziko katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, India. Ziliishia huko kwa sababu Wareno waliitawala Msumbiji kupitia Goa. Kwa upande wa tenzi, Chuo cha Herekali cha Bwana Mwengo wa Athumani, kutoka Pate, hufungamanishwa na mwaka 1728. Tunavyovishika leo, hata hivyo, sehemu kubwa ni nakala za karne ya 19 na ya 20. Pwani ina joto, unyevu na mchwa. Utenzi ulivuka karne kwa kunakiliwa upya, si kwa kutunzwa.

Mwana Kupona aliandika utenzi wake kwa ajili ya bintiye katikati ya karne ya 19, na ulinakiliwa na watu wengi kiasi kwamba swali la nakala ipi sahihi (tazama juu) linaulizwa hapa kwa nguvu zote.

Nasoma Kiarabu vizuri na Kiswahili ni lugha yangu. Mbona siwezi kusoma tenzi hizo?

Kwa sababu herufi zilikuwa chache kuliko sauti. Katika tahajia ya zamani *ba* ilibeba b, p, mb na mp. *Ghaini* ilibeba g, gh, ng na ng'. Irabu tano zilitegemea alama tatu, kwa hiyo i na e zilikaa pamoja, u na o vilevile. Mwandiko mmoja ukausoma *bibi*, mwingine akausoma *pembe*, na wote mko sawa kwa kanuni.

Msomaji wa wakati ule hakupata shida kwa sababu aliujua utenzi tayari, au aliwaacha mizani na vina wamwongoze. Mizani ni chombo ambacho paleografia ya Ulaya haikuhitaji kukifikiria kwa namna hii: kipande cha utenzi kina mizani minane, na ukihesabu saba ujue mnakili ameruka kitu, hata kama sentensi inaleta maana. Mombasa, Mwalimu Sikujua alitumia alama za ziada ili kuzitenganisha sauti hizi, na ni yeye aliyemsaidia William Taylor kukusanya mashairi ya Muyaka, ambayo mengi yalikuwa yamehifadhiwa vichwani mwa watu.

## Upotevu, umiliki, picha

Maktaba za Timbuktu si ziliungua?

Kwa sehemu ndogo. Januari 2013 wapiganaji waliokuwa wakikimbia mji walichoma vitabu katika Taasisi ya Ahmed Baba, na takriban 4,000 viliungua au kuibwa. Vilivyo vingi zaidi vilikuwa vimeshatolewa mjini mwaka uliotangulia, ndani ya masanduku ya bati, kwa magari na mashua hadi Bamako, kwa mpango ulioongozwa na Abdel Kader Haidara na familia zenye maktaba. Idadi inayotajwa ni zaidi ya 300,000, lakini rejea swali la kuhesabu miswada kabla hujaizungumza kwa uhakika.

Bamako ina unyevu kuliko Timbuktu. Waliookoa vitabu na moto walijikuta wakipambana na ukungu.

Kwa nini vitabu vingi viko London, Paris na kwingineko?

Njia hazifanani, na kuziita zote wizi au zote ununuzi ni kukwepa kazi. Mwaka 1868 jeshi la Uingereza lilipoiteka Maqdala, Ethiopia, mamia ya vitabu vya Mfalme Tewodros yalibebwa. Hiyo ni nyara ya vita, bila maelezo mengine. Baadaye Mfalme Yohannes IV aliandika kudai Kebra Nagast ("Utukufu wa Wafalme"), na nakala ikarudishwa. Vingine vingi bado viko huko. Dunhuang, Uchina, Aurel Stein (1907) na Paul Pelliot (1908) walimlipa Wang Yuanlu, mlinzi wa mapango yenye vitabu, pesa kidogo kwa shehena kubwa. Palikuwa na bei, lakini kama palikuwa na muuzaji mwenye haki ya kuuza ni jambo lingine.

Kuna pia hasara isiyo na pa kurudishwa. Huko Maní, Mexico ya leo, mwaka 1562 mtawa Mhispania Diego de Landa alichoma vitabu vya Wamaya. Vinavyotambuliwa leo ni vinne tu, na cha nne kilikubaliwa rasmi Mexico mwaka 2018 baada ya kushukiwa kwa miongo kadhaa.

Picha za dijitali hazitoshi?

Zinatosha kwa kusoma, na kwa hilo zimefanya makubwa. Maktaba ya Hill huko Minnesota, iliyoanza kupiga picha vitabu vya Ethiopia kwenye filamu miaka ya 1970, na mpango wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza 2004 na kufika hadi Msikiti wa Riyadha wa Lamu, vimewapa watu wa kawaida walichokuwa wakinyimwa na nauli.

Hazitoshi kwa kuchunguza mwili. Picha haikuonyeshi mishono, uzito, alama ya maji, wala ukurasa mtupu ambao mpigapicha aliuruka kwa kuwa "hauna kitu". Na picha nazo zina mwenyewe: jamii iliyofungua sanduku lake inaweza kukuta masharti ya kutumia picha yameandikwa na mwingine.

Nimerithi sanduku la vitabu vya mkono. Nifanye nini?

Usipange. Hilo ndilo la kwanza na gumu zaidi, kwa sababu mikono huwasha. Karatasi huru ambazo zinaonekana kuchanganyika huenda ziko katika mpangilio wa mwisho alioutumia mwenyewe. Piga picha kila kitu kama kilivyo, pamoja na jalada, kamba na vikaratasi vilivyochomekwa. Osha mikono, ikauke. Glavu za kitambaa hupunguza hisia za vidole na huchana kingo. Usitumie selotepu, usitie laminesheni, usianike juani. Andika kila unachojua kuhusu aliyekuwa nacho, maana hicho hakimo ndani ya kitabu.

## Mipakani

Je, kombe, hirizi na ubao wa kujifunzia ni miswada?

Nadhani ndiyo, na hapa ndipo taaluma inapolazimika kukua. Kombe huandikwa kwa zafarani juu ya sahani, huoshwa, na mgonjwa hunywa. Ubao wa mwanafunzi huoshwa somo likishahifadhiwa. Hirizi hushonwa ndani ya ngozi isisomwe tena na jicho. Kwa kanuni ya zamani, mswada ni kile kinachohifadhiwa ili kisomwe. Vitu hivi vitatu vinaivunja kanuni hiyo, na vilikuwa vingi kuliko vitabu. Kinachobaki maktabani ni kile kilichoshindwa kuliwa, kuoshwa au kuvaliwa hadi kikaisha.

Na kitabu cha lithografia?

Kimeandikwa kwa mkono, kimezidishwa kwa jiwe. Fez, Moroko, ilianza uchapaji huo miaka ya 1860, na miji ya India iliutumia kwa wingi. Kwa wasomaji wa hati ya Kiarabu ulikuwa na faida ambayo herufi za risasi hazikuwa nayo, yaani mwandiko ulibaki mwandiko. Wapo walionunua kitabu cha lithografia na kukinakili tena kwa mkono. Katalogi zinazoviweka kando vitabu hivyo hukata uzi katikati.

Kompyuta itasoma miswada badala yetu?

Inasoma tayari, kwa miandiko iliyofundishwa: kurasa kadhaa zinakiliwe na binadamu kwanza, ndipo programu ijaribu zinazofuata. Kwa mwandiko wa karani mmoja mwenye nidhamu matokeo ni mazuri. Kwa tahajia ambayo *bibi* na *pembe* ni kitu kimoja, programu itakupa herufi, na bado utakaa chini kuhesabu mizani.

Nataka kuanza. Nijifunze lugha ngapi?

Moja, vizuri, pamoja na kifaa kimoja. Chagua Kigiizi na ngozi, au Kitamil na majani, au Kiswahili na karatasi, ukae nacho hadi uweze kutambua mkono wa mnakili kabla hujasoma jina lake. Kisha nakili ukurasa mmoja wewe mwenyewe, kwa kalamu ya kuchonga na karatasi uliyoipiga mstari. Waandishi wa Kiarabu walipiga mistari kwa mistara, kibao chenye nyuzi kilichokandamizwa chini ya karatasi, na neno letu mstari limetoka kwenye mzizi huohuo. Ukifika mstari wa saba utaruka neno, na utaona ni kwa nini.